Shilingi, Nyundo na Hazina ya Mtambwe

Malori yanayopakia viazi, mahindi na maharage mjini Gairo, kwenye barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, hupakia mali iliyolipiwa kwa shilingi. Shilingi hiyo ni ya Tanzania tangu Juni 1966. Ukoo wake ni mrefu zaidi, nao unaanzia mbali na milima ya Ukaguru: ndani ya Mnara wa London, karibu na mwaka 1500, Mfalme Henry wa Saba alipoagiza ipigwe sarafu ya fedha yenye thamani ya peni kumi na mbili. Kabla yake Waingereza walikuwa na shilingi ya kwenye madaftari tu. Walihesabu kwa shilingi na kuandikiana madeni kwa shilingi, lakini kipande cha kushikika mkononi hakikuwapo.

Kutoka mnara ule hadi soko la Gairo ilipita zaidi ya miaka 400. Shilingi ilipofika Afrika Mashariki iliikuta nchi yenye historia yake ya sarafu. Watu wa pwani walikuwa wamepiga fedha yao wenyewe karne tano kabla ya Henry wa Saba, wakaiacha, wakahamia kwenye shaba. Habari hiyo haimo katika simulizi ambazo wengi wetu tulisomeshwa kuhusu pesa, na sehemu kubwa yake ilifunuka juzi tu, mwaka 1984, kisiwani Pemba.

Kwanza nyundo yenyewe. Sarafu za enzi za Tudor, ukoo uliotawala Uingereza kuanzia 1485 hadi 1603, zilitengenezwa kwa nguvu ya mkono. Fedha iliyeyushwa, ikamiminwa, ikafuliwa mpaka ikawa bamba jembamba. Bamba lilikatwa kwa mikasi vipande vya uzito uliotakiwa, na kila kipande kikagongwa kingo hadi kikaribie kuwa duara. Muhuri mmoja wa chuma ulichomekwa kwenye gogo ukitazama juu. Kipande kikawekwa juu yake, muhuri wa pili ukashikwa kwa mkono juu ya kipande, na nyundo ikashuka. Pigo moja au mawili, kazi imekwisha. Mkono ukiteleza, kichwa cha mfalme kilikaa pembeni, maandishi yalikatika, au sura ilijipiga mara mbili. Kwa sababu hiyo hakuna sarafu mbili za nyundo zinazofanana kabisa, na wanaozikusanya huzisoma moja moja kama watu wasomavyo hati za mkono. Shilingi ya Henry wa Saba inatafutwa kwa jambo jingine pia. Ni miongoni mwa sarafu za kwanza za Kiingereza kuonyesha uso wa mfalme kama alivyokuwa, ukitazamwa kwa upande. Kabla ya hapo kichwa kimoja cha mfalme asiye na sura maalumu kilirudiwa utawala baada ya utawala.

Mwanawe, Henry wa Nane, aliiharibu kazi hiyo. Vita vyake na Ufaransa na Scotland vilikula hazina, na kuanzia 1544 karakana za mfalme zikawa zinachanganya shaba nyingi ndani ya fedha kisha kutoa sarafu kwa thamani ile ile. Kiwango cha kale kilikuwa sehemu 925 za fedha katika kila 1,000. Katika miaka michache kikashuka hadi theluthi moja. Sarafu mpya ziling'aa zikitoka karakanani, kwa kuwa juu zilibaki na ngozi ya fedha. Zilipopita mikononi ngozi ililika, na palipolika kwanza ni pale panapojitokeza zaidi, yaani pua ya mfalme. Watu wakamwita Pua ya Shaba. Bei za vyakula zikapanda, na wenye fedha safi ya zamani wakaificha. Mwaka 1551, chini ya Edward wa Sita aliyekuwa bado mvulana, zilitolewa shilingi zenye robo tu ya fedha. Hapo ndipo sarafu ya Tudor ilipofika chini kabisa. Kiwango hicho cha robo kikumbukwe, maana kitaonekana tena, safari hii Afrika Mashariki.

Malkia Elizabeth wa Kwanza alizikusanya sarafu mbovu kati ya 1560 na 1561, zikayeyushwa, zikapigwa nyingine zenye fedha ya kweli. Wakati huohuo Mfaransa Eloye Mestrelle alileta London mashine ya kubana sarafu, na kuanzia 1561 ikatoa kazi nzuri ya duara kamili. Mafundi wa nyundo hawakuipenda. Mashine iliachwa baada ya miaka kumi hivi, na mwaka 1578 Mestrelle alinyongwa kwa kughushi sarafu. Nyundo iliendelea kupiga London hadi 1662.

Turudi nyuma, tuje pwani.

Tarehe 24 Julai 1505, Henry wa Saba akiwa bado kwenye kiti chake na shilingi yake ikiwa changa, merikebu za Kireno chini ya Francisco de Almeida ziliiteka Kilwa. Mji ulioporwa siku ile ulikuwa na sarafu zake za shaba, zenye jina la mtawala upande mmoja na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, zilizokuwa zimetumika vizazi kwa vizazi. Uliwahi kuwa na za dhahabu pia. Tatu za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mtawala aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331, zilielezwa na mtaalamu wa sarafu Helen Brown mwaka 1991. Na muda mrefu kabla ya dhahabu ya al-Hasan, pwani ilikuwa na fedha. Iliyo kongwe zaidi imeonekana Shanga, katika kisiwa cha Pate nchini Kenya. Huko Mark Horton, mwanaakiolojia Mwingereza, alichimba katika miaka ya 1980 na kupata vipande vidogo mno vya fedha vilivyopigwa hapo hapo kabla ya mwaka 1000, vikiwa na majina kama Muhammad na Abdallah.

Kilichopatikana Pemba kilikuwa kikubwa zaidi. Mtambwe Mkuu ni kisiwa kidogo upande wa magharibi wa Pemba, ng'ambo ya ghuba kutoka Wete, na maji yakitoka mtu hufika kwa miguu. Leo ni kijiji. Zamani ulikuwa mji wa kutajwa, na Yaqut, mwanajiografia wa karne ya 13, aliuandika kama mmoja wa miji ya kisiwa hicho. Mwaka 1984 kikundi cha Horton kilichimba hapo na kukuta akiba ya fedha iliyofukiwa ardhini na mwenyewe asirudi kuichukua. Zilikuwamo sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu kutoka nchi za Kiislamu za kaskazini.

Zile za fedha ni ndogo na nyembamba kama kucha za mtoto. Ukiziona mara ya kwanza ni rahisi kuzidharau. Lakini juu ya uso huo mdogo fundi ameweka mwandiko wa Kiarabu uliopangwa kwa ustadi, na maneno yenyewe yanatamkwa kwa vina. Upande mmoja huandikwa jina la mtawala, kwa mfano Ali bin al-Hasan. Upande wa pili kuna tamko la kumtumainia Mwenyezi Mungu, na neno lake la mwisho limechaguliwa kati ya sifa za Mungu ili liitikiane na jina lile. Mtawala akibadilika, sifa nayo hubadilika ili kina kikae. Mtu akigeuza sarafu mkononi anasoma ubeti mmoja mfupi wenye mizani. Desturi hiyo ilidumu hata sarafu zilipokuwa za shaba, huko Kilwa. Watu wa pwani, wanaopenda vina hadi leo, waliviweka hata kwenye pesa zao, na kwa kila anayependa ushairi wa Kiswahili hilo linastahili kuwekwa mbele kuliko thamani ya fedha iliyomo.

Tatizo la sarafu za pwani ni kwamba karibu zote hazina mwaka. Tarikh za Kilwa, yaani historia zake za kale zilizoandikwa, zinamtaja Ali bin al-Hasan kama mwanzilishi wa ukoo wa Washirazi, lakini hazitoi mahali pa kushika kwa uhakika. John Walker wa Jumba la Makumbusho la Uingereza alizichambua sarafu hizo mwaka 1936. Mwanahistoria Freeman-Grenville akazifuata katika miaka ya 1950. Neville Chittick, aliyeichimba Kilwa katika miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, alipima matabaka ya udongo na vigae na kumweka Ali bin al-Hasan karibu na mwaka 1200. Kwa ushahidi aliokuwa nao, hoja yake ilikuwa nzuri, na vitabu vingi viliifuata.

Mtambwe ikapindua hesabu hiyo. Dinari za dhahabu zilizokuwa pamoja na fedha zilikuwa na miaka, kama ilivyo kawaida ya dinari, na ya mwisho kabisa ilikuwa ya miaka ya 1060. Jina la Ali bin al-Hasan lilikuwa limelala kando yake kwenye sarafu za fedha. Kwa hiyo mtawala huyo hakuweza kuwa mtu wa mwaka 1200. Alikuwa wa karne ya 11 au kabla yake. Kwa shimo moja, mwanzo wa ukoo maarufu kuliko wote wa pwani ya kusini ukasogezwa nyuma zaidi ya miaka 100, na kila tarehe iliyotegemea ule mwanzo ikabidi ipimwe upya.

Ni vizuri kuliangalia jambo hili kwa makini, kwa sababu linawahusu wote wanaopenda sarafu za kale. Tuseme akiba ile ingefukuliwa na mtu aliyesikia kwamba kisiwani kuna mali. Dhahabu ingeuzwa kwanza, kwa sonara au kwa mgeni. Fedha ingeyeyushwa, au ingetawanyika sarafu tano hapa, kumi pale, kwenye visanduku vya wakusanyaji wa nchi tano. Kila sarafu ingebaki nzima. Jina la Ali lingesomeka vilevile. Ila kile kilichotoa mwaka, yaani ukaribu wa dhahabu na fedha ndani ya shimo moja, kingepotea siku ile ile, na hakuna darubini wala maabara ambayo ingekirudisha.

Mfano wa upande wa pili upo, tena ni wa Kilwa. Mwaka 1944, wakati wa vita, Maurie Isenberg, askari wa jeshi la anga la Australia aliyekuwa kwenye kituo cha rada katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota sarafu tisa ufukweni. Alizihifadhi, na mwaka 1979 akazipeleka kwa wataalamu. Nne zilikuwa za Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki. Tano zilikuwa za shaba kutoka Kilwa, zaidi ya kilomita 9,000 kutoka zilikopigwa. Mwaka 2013 msafara ulioongozwa na mwanaanthropolojia Ian McIntosh ulirudi ufukweni huko kutafuta dalili zaidi. Dhana ni nyingi: merikebu ya Kireno iliyovunjika, mabaharia wa Indonesia, Waholanzi waliobeba sarafu za kale kama vitu vya ajabu. Zote zinaweza kuwa kweli, kwa sababu sarafu zilitolewa mchangani bila chochote cha kuzishuhudia. Isenberg hana lawama. Alikuwa kijana vitani, na alizitunza vizuri kuliko ambavyo wengi wangefanya. Hata hivyo, tofauti kati ya Mtambwe na Wessel ndiyo tofauti kati ya kujua na kubuni.

Kazi nzuri zaidi ya miaka ya karibuni imefanyika Songo Mnara, jirani ya Kilwa, mji uliojengwa mwishoni mwa karne ya 14 na kuachwa mwanzoni mwa karne ya 16, wakati Tudor wa kwanza wanatawala. Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher walichimba huko na kuandika kila sarafu ilipolala. Walikuta kwamba watu hawakudondosha sarafu ovyo tu. Nyingine zilikuwa zimewekwa makaburini, nyingine zimefukiwa kwa pamoja chini ya sakafu ya nyumba. Tena nyingi zilikuwa na majina ya watawala waliokufa zamani, zikiendelea kushikwa na kuthaminiwa. Kwa watu wa Songo Mnara, kipande cha shaba chenye jina la sultani kilikuwa pesa na kumbukumbu kwa pamoja. Sarafu hizo hizo zingenunuliwa kwa mafungu mitandaoni, zisingesema lolote juu ya makaburi.

Je, fedha ya pwani ilipanda hadi Ukaguru? Hakuna dalili kubwa kwamba sarafu za Kilwa zilisafiri bara. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman iliokotwa Great Zimbabwe, na umaarufu wake unatokana na upweke wake. Sarafu za pwani zilikuwa na nguvu pale jina lililoandikwa juu yake lilipojulikana. Bara, jina la sultani wa Kilwa lilikuwa kelele tu, na aliyetaka kupita alilipa kwa kitu ambacho mwenyeji angekivaa, angekila au angekifua upya.

Katika karne ya 19 hali ilikuwa bado hiyo hiyo. Misafara ya Bagamoyo na Saadani iliyopitia chini ya Uluguru, ikavuka bonde la Mkata na kupanda kuelekea Mpwapwa, ilibeba pesa zake mabegani mwa wapagazi: majora ya merikani na kaniki, shanga za rangi na masango ya shaba. Shuka ilikuwa mikono minne, doti ni shuka mbili. Hongo, yaani ada ya kupita, ilidaiwa kwa doti, chakula kilinunuliwa kwa mikono ya nguo na nyuzi za shanga, na shanga zenyewe zilikuwa na mitindo: nyekundu iliyotakiwa kijiji kimoja ilikataliwa kijiji cha pili. Stanley, aliyepita Simbamwenni, mji wa kale wa Morogoro, mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alitumia kurasa nyingi akilalamikia hesabu hiyo. Mwaka 1877 Alexander Mackay alifyeka barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, na miaka michache baadaye wamisionari wenzake wa CMS, chama cha Kianglikana cha Uingereza, wakakaa Mamboya, katika nchi ya Wakaguru. Nao pia waliishi kwa kupimia nguo.

Fedha ya kigeni iliyojulikana kwenye njia hiyo ilikuwa riale ya Maria Theresa. Malkia huyo wa Austria alifariki mwaka 1780, lakini riale yake iliendelea kupigwa baada ya hapo ikiwa na mwaka huo huo, kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi hawakukubali nyingine. Ina gramu 28 na kidogo, na sehemu 833 za fedha katika 1,000. Wenye kuijua walihesabu lulu kwenye mapambo ya malkia. Zilipotimia, walipokea. Zanzibar ilihesabu kwa riale hizo mpaka rupia ya India ilipozizidi, na hata Sultani Barghash alipotoa riale yake mwenyewe mwaka 1882, yenye maandishi ya Kiarabu pande zote, aliifanya iwe ndugu wa ile ya Maria Theresa. Nyingi kati ya riale hizo ziliishia kwa masonara, zikawa bangili na mikufu. Leo riale ya Barghash ni miongoni mwa sarafu za Afrika Mashariki zinazowaniwa zaidi duniani.

Kilichoiingiza sarafu nyumba kwa nyumba huko Ukaguru ni kodi. Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia za fedha na pesa za shaba mwaka 1890. Rupia ilikuwa na uzito na ubora wa ile ya India, gramu 11.66, na upande mmoja Kaisari Wilhelm wa Pili akiwa na kofia ya vita yenye tai. Mwaka 1897 serikali ya kikoloni ikatangaza kodi ya nyumba, na mwaka uliofuata ikaanza kuikusanya: rupia tatu kwa nyumba ya kijijini. Mwanzoni mazao yalikubaliwa. Baadaye ikatakiwa sarafu, na sarafu haikuota shambani. Mtu ilimbidi auze mahindi yake kwa bei aliyopewa, au aende kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na ujenzi wa reli, ili arudi na vipande vitatu vyenye kichwa cha mtu asiyemjua. Sarafu za Mtambwe zilikuwa na kina cha kumsifu Mungu. Rupia hii ilikuja na askari. Kuanzia 1904 rupia iligawanywa katika hela 100, na baadhi ya hela hizo zilitobolewa tundu katikati.

Vita vya 1914 vilikata njia ya meli. Mwaka 1916 Wajerumani walipiga sarafu zao za mwisho katika karakana ya reli ya Tabora: hela 20 za shaba na shaba njano, na rupia 15 za dhahabu ya Sekenke zenye sura ya tembo, 16,198 kwa jumla. Mwishoni mwa Agosti mwaka huo majeshi ya Waingereza yaliingia Kilosa na Morogoro. Tabora ikaanguka mikononi mwa Wabelgiji Septemba.

Ndipo shilingi ikaja. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwaka 1919, ilijaribu kwanza florini, na mwaka 1921 ikatoa shilingi kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilikuwa sarafu nzuri kuitazama, simba mbele ya milima upande mmoja na George wa Tano upande wa pili, uzito gramu 7.8. Fedha iliyokuwamo ilikuwa sehemu 250 katika 1,000. Robo. Kiwango kile kile cha shilingi mbovu ya mwaka 1551, ambacho Waingereza wenyewe walikiona ni aibu hadi Elizabeth akakifuta, ndicho walichowapa makoloni yao ya Afrika Mashariki kama pesa halali, wakati shilingi ya kwao Uingereza ilikuwa bado na nusu. Sarafu hiyo ya robo iliendelea hadi 1946. Kuanzia 1948 hata robo ikaondoka, ikabaki shaba na nikeli.

Shilingi za simba na rupia za Kaisari bado zimo katika nyumba nyingi za Morogoro na Dodoma, ndani ya makopo na masanduku ya mabibi. Mtu anayetaka kuanza kukusanya hahitaji kwenda mbali, wala hahitaji mtaji mkubwa. Anahitaji mizani ndogo ya sonara na uvumilivu. Rupia ya kweli itapima karibu gramu 11.6, riale ya Maria Theresa karibu 28. Ikipungua sana, ima imeghushiwa au imekatwa kingo, kama Waingereza wa zamani walivyozikata za kwao. Isisuguliwe kwa majivu, mchanga wala ndimu. Weusi unaokaa juu ya fedha unailinda, na mkusanyaji mzoefu akiona sarafu iliyong'arishwa hupunguza bei papo hapo.

La kuandika kwanza ni mahali ilikotoka: bibi gani, kijiji gani, iliingiaje nyumbani. Rupia iliyolipwa kwa kazi ya reli ya mwaka 1907 na rupia iliyonunuliwa sokoni jana zina uzito mmoja, ila moja inaweza kusimulia na nyingine haiwezi.

Kinachotia uchungu ni uchimbaji wa usiku. Habari za mali zilizofichwa na Wajerumani zimezagaa karibu kila mkoa, na watu wamevunja misingi ya maboma, wamefukua chini ya mibuyu na kandokando ya makaburi, wengine wakiwa na mashine za kutambua madini, wengine wakifuata ramani walizouziwa. Nchini Uingereza wenye mashine kama hizo huokota sarafu nyingi za Tudor kila mwaka, lakini tangu 1997 upo mpango wa kitaifa unaowasaidia kuandikisha walichookota na mahali penyewe, na hazina kubwa lazima iripotiwe kwa mujibu wa sheria ya 1996. Shamba ilikookotwa peni moja ya Elizabeth huingia kwenye ramani. Hapa kwetu shimo hubaki shimo.

Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Zanzibar ina sheria yake. Ile ya Bara inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, kwa hiyo rupia ya Kaisari iko nje ya mstari huo, ila kipande chochote cha Kilwa, cha fedha, shaba au dhahabu, kiko ndani. Kuchimba kunataka kibali, na aliyeokota kwa bahati anatakiwa kutoa taarifa kwa ofisi ya utawala iliyo karibu, makumbusho au Idara ya Mambo ya Kale. Kwa mkulima wa Nongwe au Rubeho ambaye jembe lake limegonga kitu cha duara, lililo bora ni kukiacha kilipo hadi picha ipigwe, kisha kuandika kina cha shimo, aina ya udongo, na kila kilichokuwa kando yake: mkaa, kigae, ushanga, mfupa. Sarafu yenyewe wataalamu wanaweza kuisoma hata baada ya miaka 50. Vitu vilivyokuwa kando yake husomeka siku hiyo tu.